Jinsi Nilivyoiba Mtihani wa Macho

Niliiba mtihani wa macho. Kwa miaka minne nimelikana jambo hili, kwanza kwa kulicheka, kisha kwa kudai kwamba ule haukuwa mtihani, kulikuwa ni kupimwa tu, na hakuna mtu anayeweza kuiba kipimo. Lakini niliiba. Na kwa kuwa sikulelewa kuwa mchoyo, majibu niliyoyaiba niliyagawana na mama yangu.

Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni. Madaktari wa kujitolea walikuwa wamekuja kupima watu bure. Mama alitembea kutoka mtaa wake wa Jericho akiwa amevaa viatu vya kanisani, maana kwake daktari na mchungaji huendewa kwa viatu vilevile. Kwenye meza ya kwanza palikuwa na muuguzi mwenye rula ndefu, na ukutani ubao wa herufi, zile kubwa juu na ndogo chini. Ukumbi ule una mwangwi. Kila aliyesoma herufi alisikika mpaka nje mlangoni, na sisi tulikaa nje mlangoni karibu saa mbili.

Mimi nimepita shule ya msingi, sekondari na chuo kikuu kwa kukariri. Nisomee kitu mara tatu na hakitatoka tena kichwani, hata nikikifukuza. Kwa hiyo zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshaijua mistari yote. Nilisimama kwenye alama ya chaki, nikafunika jicho moja kwa kiganja, nikatazama mstari wa tano. Ulikuwa kama siafu waliokanyagwa. Nikausoma wote bila kukwama.

"Haya ni macho ya msichana," muuguzi akasema.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Nilitabasamu kama niliyeitwa jukwaani kupokea zawadi.

Mama alinifuata. Mstari wa kwanza akasoma, wa pili akasoma, kwenye wa tatu akanyamaza. Nikamsogelea nikijifanya namshikia mkoba, nikamnong'oneza. Yeye akazirudia herufi kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi mbele ya waumini. Tukapewa kila mmoja karatasi yenye mhuri, na chini ya mhuri neno moja kwa kalamu: Sawa.

Sikufikiri siku ile kuhusu meza ya pili. Walioshindwa kusoma ubao walipelekwa huko, na huko ndiko alikokuwa daktari mwenyewe na vyombo vya kuangalia ndani ya jicho. Sisi tuliofaulu tulipewa dawa ya minyoo tukaambiwa twende nyumbani. Tulirudi Jericho tukiwahurumia wale wa meza ya pili.

Mama ni fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa sokoni Jericho miaka mingi, na alipochoka kubeba ufunguo wa kibanda aliihamishia nyumbani, chini ya dirisha. Sare zote za akina mama wa kanisa letu zimepita chini ya sindano ile. Mumewe alikufa, watoto wakahama, mimi nikaenda kuishi mtaa wa Umoja na vitabu vyangu, cherehani ikabaki. Mtu akimuuliza anaishi na nani, hujibu, "Niko na hii."

Kanisani, wanawake saba wa benchi la tatu, mama akiwa mmoja wao, wana miwani moja. Hakuna anayekumbuka ni nani aliyeinunua. Mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi wa mama. Wimbo ukitangazwa, miwani huanzia upande wa ukutani: wa kwanza anaivaa, anasoma mstari wa mwanzo, anampa jirani, na mengine anaimba kwa kichwa. Kufikia pambio, miwani imefika ujiani. Nilikuwa nikiicheka desturi ile, mimi mwenye shahada mbili, mpaka siku nilipojikuta nimekaa katika benchi hilo nikiisubiri zamu yangu kwa hamu kubwa kuliko sakramenti. Tulikuwa na imani yetu pale: anayesoma kwa miwani ya benchi, macho yake ni mazima, ni mikono tu iliyofupika ikashindwa kukiweka kitabu mbali.

Nyumbani nilikuwa na mbinu zangu. Nilikuza herufi kwenye kompyuta mpaka sentensi moja ikajaza ukurasa. Mhariri wangu aliponiuliza kwa nini siku hizi naandika sentensi fupi fupi, nilimwambia ni mtindo.

Mambo ya mama yalikuwa tofauti, nami niliyaona yote na kuyapatia maelezo yote. Alimimina chai kando ya kikombe. Nikasema kikombe ni kidogo. Bega lake la kushoto liligonga fremu ya mlango kila mara. Nikasema nyumba za kanjo, hizi za baraza la jiji, zilijengewa watu wembamba. Majirani waliomsalimu wakitokea kushoto hawakujibiwa, na mtaa ukaanza kusema kwamba tangu bintiye aanze kuandika magazetini, mama ameingiwa na maringo. Hilo, naungama, lilinipendeza kidogo.

Halafu asubuhi moja tulikuwa tunavuka barabara kwenda kununua vifungo. Bodaboda ilitokea kushoto, ikapiga honi, ikapiga tena. Mama aliendelea kutembea kama mtu aliye sebuleni kwake. Nilimvuta kwa leso aliyojifunga, pikipiki ikapita ikisugua lami, ikasimama mbele kidogo.

"Mathe! Siku hizi tunavuka tu hivi?" mwendeshaji akapaza sauti.

"Na wewe umetoka wapi?" mama akamjibu. "Umeshuka kutoka mbinguni?"

"Nimetoka hapo tu, mathe. Napiga honi tangu kwa kona."

Mama akageuza kichwa chote kuitafuta hiyo kona. Mwendeshaji alimtazama, kisha akanitazama mimi, akashusha sauti. "Haoni?"

"Anaona," nikasema. Nilikuwa nimeizoea kazi hiyo.

Lakini tulipokuwa tukirudi nilipita upande wake wa kushoto. Nikainua mkono karibu na sikio lake, nikausogeza mbele polepole. Ukapita sikio. Ukapita shavu. Vidole vyangu vilikuwa karibu na pua yake ndipo akauliza, "Unafukuza nzi?"

Nikaushika mkono wake wa kushoto. Kisha nikasema, "Tunaenda kwa daktari wa macho."

"Nimepimwa."

Tulipofika nyumbani alifungua Biblia akatoa ile karatasi ya Kaloleni, imekunjwa mara nne, akanipa. "Soma hapo. Au wewe ndiye huoni?"

"Mama, siku ile nilikusomea."

"Ulinikumbusha."

"Mtu hukumbushwa kitu alichokuwa anakijua."

"Herufi nazijua tangu sijakuzaa."

Nimewahi kutetea tasnifu mbele ya maprofesa watano wenye njaa, lakini sijawahi kushindwa hivyo. Ushahidi aliokuwa nao dhidi yangu nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe. Nikabadilisha njia. Nikamwambia hata mimi sioni vizuri, twende wote, na mimi nitangulie.

Hapo akachangamka. "Hilo sawa. Nataka kuona watu waliosoma wakipimwa."

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tulikaa kwenye viti vya kusubiri, mlango wa chumba cha daktari ukiwa nusu wazi, na kwa ndani niliona herufi zikiwaka kwenye skrini ukutani. Sijivunii nitakalosema. Nilizikariri.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri ambao angeweza kuwa binti yangu. Kabla ya kugusa jicho lolote aliuliza maswali mengi: ninasoma saa ngapi kwa siku, kichwa kinaniuma, ninatumia dawa gani, nimewahi kupimwa sukari na presha. Alisema magonjwa hayo mawili huacha alama nyuma ya jicho, na kwamba wapo waliokuja kwake kutafuta miwani wakatoka wakijua wana kisukari. Kisha akanifunika jicho la kushoto, akasema soma. Nikasoma kwa ufasaha mkubwa.

Daktari akanigeukia.

"Auntie," akasema, "hizo herufi ni za mgonjwa aliyetoka. Nimeshazibadilisha."

Nyuma yangu nilimsikia mama akicheka mpaka kiti kikalia.

"Hapa hakuna kufeli," daktari akaendelea, bila ukali. "Ukiniambia huoni, ndipo nami napata kazi."

Sikumbuki mwalimu yeyote aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamwambia sioni. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Akanivisha fremu nzito kama ya fundi wa kuchomelea vyuma, akaanza kubadilisha vioo: hiki au hiki? Hiki au kile cha kwanza? Mwanzoni nilitafuta jibu sahihi. Baadaye nikaelewa kwamba jibu sahihi ni lile ninaloliona. Kisha nikaweka kidevu kwenye mashine, akamulika sehemu ya mbele ya jicho kwa mwanga mwembamba. Akanitia tone la ganzi, akagusa jicho kwa kifaa chenye mwanga wa buluu ili kupima presha ya ndani. Niliwahi kudhani presha ni ya mkononi tu. Sikuhisi chochote isipokuwa aibu ya kuwa nilikuwa nimeushika mkono wa kiti kwa nguvu zote.

Mama akafuata. Maswali yakaanza upya.

"Kuna mtu katika familia aliyepoteza macho?"

"Hakuna," mama akasema.

"Mama yako mzazi?"

"Alizeeka tu."

"Alipozeeka, alikuwa anaona?"

Mama akafikiri. "Alikuwa ananijua kwa sauti."

Daktari aliweka kalamu chini. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuuliza swali hilo. Bibi yangu nilimkumbuka akiwa amekaa nje ya nyumba yake, uso ameuelekeza juani, na watu wakisema kwamba anapenda jua.

Presha ya macho ya mama ilikuwa juu, hasa kushoto. Daktari akasema, kwa sababu ya ile habari ya bibi, sote wawili tufanye kipimo kimoja zaidi. Nilitangulia tena. Unaweka uso mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, unakaza macho kwenye nukta ya katikati, na vitaa vidogo vinawaka pembeni, kimoja hapa, kimoja kule, vingine hafifu sana. Ukikiona unabonyeza kitufe. Usipokiona, hufanyi kitu. Mashine hutoa kelele ndogo kama kuku anayedonoa bati, na kidole changu kilikuwa kikiijibu karibu kila mara.

Mama alipokaa pale nilikaa kwenye kiti cha pembeni. Jicho la kulia lilikwenda vizuri, likiwa na mapengo machache. Kisha la kulia likafunikwa. Mashine ikadonoa. Kidole cha mama kikatulia. Ikadonoa tena, tena, tena. Kidole chake gumba, kile kilichosukuma vitambaa chini ya sindano miaka yote ile, kilikuwa juu ya kitufe kikisubiri.

"Daktari," mama akasema bila kusogeza kichwa, "hii mashine yako imelala."

"Endelea tu, mama. Unafanya vizuri."

Baadaye daktari aliniambia kwamba si kila mlio huwa na taa. Wakati ule sikulijua hilo. Ninachojua ni kwamba neno "sasa" lilikuwa mdomoni mwangu. Sasa, mama. Bonyeza sasa. Lilinijaa mdomo kama chakula cha moto. Nikakunja leso yake mikononi, nikaumeza ulimi wangu, nikamwacha afeli. Sijawahi kumfanyia mama yangu jambo gumu kama lile.

Mwisho tulitiwa matone ya kupanua mboni, na baada ya kusubiri, daktari akatazama nyuma ya macho yetu kwa taa kali. Mimi yangu yalikuwa salama: miwani ya mbali na karibu, na kurudi kila mwaka bila kukosa, kwa sababu ya damu niliyozaliwa nayo. Kwa mama alitazama muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana.

"Mama, jicho lina maji yake ndani. Yakibana kupita kiasi, yanaumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Huu ugonjwa unaitwa glakoma. Hauumi. Huanzia pembeni, kidogo kidogo. Mtu anaweza kusoma herufi zote pale ukutani na huku upande mmoja wa dunia umeshaondoka."

"La kushoto?"

"Sehemu kubwa imeondoka. Hairudi. La kulia limeanza, lakini limebaki na mengi, na hayo ndiyo tunayoyalinda. Tone moja kila jioni, saa ileile, maisha yote. Baada ya wiki sita urudi tuone kama presha imeshuka. Isiposhuka, tuna njia nyingine, hata upasuaji."

Mama hakuuliza kuhusu upasuaji. "Nitashona?"

"Ukiweka dawa, naamini utashona. Usipoweka, sitakudanganya."

Kwenye korido nilimuuliza daktari peke yake: kama mama angeonwa miaka minne iliyopita? "Tungeanza mapema," akasema. Hakunifariji, nami namshukuru kwa hilo. Tukashuka ngazi tumeshikana mikono, mboni zimepanuka, jua la adhuhuri likitupiga kama makofi, wanawake wawili wenye leso kichwani wakiuliza kila mtu kama hiyo ni ngazi ya mwisho.

Ungedhani hapo mambo yalinyooka. Wiki mbili za kwanza nilimpigia simu kila jioni kutoka Umoja, wakati wa taarifa ya habari.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Jumapili moja nikapita Jericho, nikachukua chupa ya dawa dirishani, nikaitikisa.

"Mama, chupa imejaa."

"Labda inajaa yenyewe."

"Mama."

"Dawa gani isiyoonesha kitu?" akafoka. "Niliweka siku nne. Kushoto bado ni kama kulivyokuwa. Ningeshona nguo namna hiyo ungeniambia ni kazi?"

Nilikuwa na hotuba tayari, yenye mifano. Badala yake nikaichukua ile karatasi ya Kaloleni kutoka katika Biblia, nikaiweka juu ya cherehani. "Hii niliiandika mimi," nikamwambia. "Yule muuguzi alishika kalamu tu. Ulikuwa hatua tano kutoka meza ya pili, na mimi nikakushika mkono nikakutoa mlangoni. Dawa hii haikurudishii kushoto. Ni ya hicho kilichobaki, unachotungia uzi. Na mimi sitakusomea tena. Ukikataa, kataa mwenyewe, lakini usiniambie umeweka."

Mama alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, bila kitambaa.

"Kumbe ulikuwa umebeba hilo," akasema.

"Nimelibeba."

"Mimi nilidhani ulinionea aibu tu, kwa sababu nilikwama mstari wa tatu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo chupa. Nyingi ilikuwa inaishia shavuni, ndiyo maana niliacha. Nioneshe tena."

Nikamwonesha: kichwa nyuma, vuta chini kope ya chini, tone lidondoke kwenye kifuko kile, funga jicho, bana kona ya karibu na pua kwa kidole. Kuanzia hapo alijitengenezea utaratibu wake wa fundi. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, na kila jioni baada ya tone alipiga juu yake mshono mmoja mwekundu. Nilipomtembelea hakusubiri niulize, alinitupia kitambaa. Mishono ilikuwa imenyooka, imepangana sawasawa. Niliikagua nikiwa nimevaa miwani yangu mpya na sikupata hata pengo moja, ingawa nilitafuta.

Wiki sita zikaisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpeleka alipotangaza uamuzi wake.

"Wewe usije."

"Kwa nini?"

"Ukija utaninong'oneza."

Kwa hiyo asubuhi ya siku ile nilibaki Umoja. Nilifungua kompyuta, herufi zikiwa za ukubwa wa watu wa kawaida, na sikuandika hata sentensi moja, fupi wala ndefu. Nilikuwa naona bakuli jeupe na kidole gumba kikisubiri juu ya kitufe. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Saa sita kasoro simu ikalia.

"Wewe," mama akasema, bila salamu. "Imeshuka."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Imeshuka mpaka daktari amenishika mikono yote miwili. Nimekaa tena kwenye lile bakuli. Amesema la kulia liko palepale alipoliacha, halijasogea. Nimemwonesha kitambaa. Amesema niendelee hivyohivyo."

Nilivua miwani nikaiweka mezani, kwa sababu haikuwa inanisaidia tena wakati ule. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za viti na watu wakizungumza wote kwa pamoja.

"Mama, uko na nani huko?"

"Niko na benchi."

"Benchi gani?"

"Benchi la kanisa. Wote sita nimewaleta. Ile miwani tumempa daktari aitazame, amecheka mpaka akakaa. Sasa yuko na yule anayekaa upande wa ukutani, wengine wako hapa mlangoni wana..." Akakatiza. Nikasikia sauti ya mwanamke ikitaja herufi moja moja, kwa mnong'ono, kisha mama yangu, akiwa ameuondoa mdomo kwenye simu lakini si mbali vya kutosha:

"Wee mama! Toka hapo mlangoni! Hapa hakuna kusomeana!"